Nani Hushika Akiba? Historia ya Usalama katika Uongezaji Kasi wa Kadi za Michoro, 1996–2022

1.0 Utangulizi

Kila kadi ya michoro huuzwa ikiwa na kasi iliyoandikwa kwenye sanduku lake. Kasi hiyo si kikomo cha kile ambacho chipu inaweza kufanya. Ni ahadi ya mtengenezaji kwamba chipu itafanya angalau hivyo, katika chumba chenye joto, ndani ya kasha lenye vumbi, kwa muda wote wa dhamana. Baina ya ahadi hiyo na mahali ambapo chipu hushindwa kweli pana nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayoitwa katika insha hii akiba ya usalama. Uongezaji kasi ni tendo la kuitumia akiba hiyo: mwenye kadi huiamuru saa ya kichakataji, au ya kumbukumbu, ipige mara nyingi zaidi kwa sekunde kuliko ilivyopangwa kiwandani.

Maandishi yanayohusu jambo hili kwa kawaida ni ya mwongozo, yanayomfundisha mtumiaji hatua za kufuata, au ni ya sifa, yanayosimulia rekodi zilizovunjwa kwa msaada wa naitrojeni kimiminika. Yote huchukulia kwamba usalama ni tabia ya mtumiaji: mwenye subira husalimika, mwenye pupa huunguza. Insha hii inadai kwamba historia haiungi mkono dhana hiyo ila kwa sehemu ndogo. Matukio makubwa ya kuharibika kwa kadi yaliyojulikana hadharani yalizikumba, kwa wingi wake, kadi zilizokuwa zikifanya kazi katika kasi ileile ya kiwandani. Swali la usalama, kwa hiyo, limekuwa pia swali la nani ameshika akiba, na nani hulipa inapokwisha.

Kipindi kinachochunguzwa kinaanza mwaka 1996, zilipoingia sokoni kadi za kwanza za kampuni ya 3dfx, na kuishia 2022. Rekodi za naitrojeni kimiminika zimeachwa nje kwa makusudi. Kadi zinazotumika katika mashindano hayo hazikutarajiwa kuishi muda mrefu, na hivyo hazina la kusema kuhusu usalama.

2.0 Kinachokosesha na Kinachoua

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Transista ndani ya chipu huhitaji muda fulani ili kubadili hali, na ishara huhitaji muda kufika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Saa ikipiga upesi mno, pigo jipya huikuta ishara ikiwa bado njiani, na jibu linalosomwa huwa la makosa. Dalili zake zinajulikana: nukta za rangi zilizotawanyika kwenye skrini, pembetatu zilizovutika kusikoeleweka, picha iliyoganda, kompyuta iliyojizima na kujiwasha. Kasi ikirudishwa ilipokuwa, kadi huendelea kama kwamba hapakutokea lolote. Kwa maneno mengine, kasi peke yake hukosesha. Ni nadra iue.

Volteji ni jambo la aina nyingine. Nguvu inayotumiwa na saketi za kidijitali wakati wa kazi huongezeka kwa uwiano wa moja kwa moja na kasi ya saa, lakini huongezeka kwa mraba wa volteji. Mtu akiongeza kasi kwa asilimia 10 bila kugusa volteji, nguvu huongezeka kwa takribani asilimia 10. Akiongeza volteji kwa asilimia 10, nguvu hupanda kwa asilimia 21. Akiongeza vyote viwili kwa pamoja hufika asilimia 33, na nguvu hiyo yote hugeuka joto ambalo lazima liondolewe na sahani ya kupozea na feni zilizobuniwa kwa mzigo mdogo zaidi. Hapa ndipo penye kishawishi, kwa kuwa volteji ndiyo inayoiwezesha ishara kuwahi pigo la saa. Chipu iliyogoma kwa kasi fulani huitikia tena ikipewa volteji kidogo zaidi, na mwenye kadi huhisi kwamba amepata kitu bure.

Gharama yake haionekani siku hiyo. James R. Black, mhandisi wa kampuni ya Motorola, alichapisha mwaka 1969 mlinganyo unaoeleza jinsi nyaya nyembamba za chuma ndani ya saketi zinavyochakaa. Elektroni zinazopita kwa msongamano mkubwa husukuma atomi za chuma kidogo kidogo, hadi sehemu moja ya waya inabaki wazi au nyingine inatuna na kugusana na jirani yake. Katika mlinganyo huo, umri wa waya hupungua kadiri msongamano wa mkondo unavyoongezeka, na hupungua kwa kasi kubwa zaidi joto linapopanda. Kwa hiyo volteji hupunguza umri kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kupitia mkondo na kupitia joto. Uharibifu wa namna hii hauna moshi wala harufu. Kadi iliyokuwa imara kwa mwaka mzima huanza kukosea katika kasi ambayo jana iliimudu.

Lipo pia jambo la tatu, ambalo katika historia hii litajirudia kuliko mengine. Chipu haipokei umeme moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Pembeni yake kuna saketi za kushusha umeme wa volti 12 hadi takribani volti moja, zenye transista za nguvu, koili na kapasita. Kifaa cha kupimia joto ambacho watumiaji wamezoea kukisoma kimo ndani ya chipu, si kwenye saketi hizo. Kwa miaka mingi mtumiaji mwangalifu aliitazama namba moja, akaridhika nayo, huku hatari ikiwa sentimita chache pembeni.

3.0 Akiba Mikononi mwa Mtumiaji, 1996–2003

Uongezaji kasi ulizikuta kadi za michoro ukiwa tayari desturi katika vichakataji vikuu. Kompyuta ya IBM PC AT ilipotolewa mwaka 1984 ikiwa na kasi ya megahezi 6, baadhi ya wamiliki waligundua kwamba fuwele inayotoa mapigo ya saa ilichomekwa tu, na kwamba fuwele ya kasi zaidi iliingia palepale. Baadaye IBM iliweka katika programu ya kuwashia kompyuta ukaguzi wa kasi, na mashine iliyokutwa ikienda upesi kuliko ilivyopangwa ikakataa kuanza. Mvutano wa kugombea akiba ulikuwapo, basi, miaka 12 kabla ya kadi za 3dfx.

Mwaka 1998 Intel ilitoa kichakataji cha bei nafuu, Celeron 300A, kilichokusudiwa kwenda megahezi 300. Wengi waligundua kwamba kwa kupandisha basi ya mfumo kutoka megahezi 66 hadi 100, chipu hiyo ilikwenda megahezi 450 pasipo malalamiko. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama ushindi wa wanunuzi. Kisichosimuliwa sana ni kwamba kadi ya michoro ilipata mapigo yake ya basi kutoka chanzo kilekile. Katika ubao mama wenye chipu za Intel 440BX, mtu aliyepandisha basi hadi megahezi 133 aliilazimisha nafasi ya AGP, iliyobuniwa kwa megahezi 66, kwenda takribani megahezi 89. Kadi ilibebeshwa mzigo ambao haikuombwa ridhaa. Nyingine zilistahimili, nyingine hazikustahimili, na mwenye kompyuta aliyekosa picha hakujua mara moja kwamba kosa lilitokana na kichakataji kikuu.

Kadi ya kwanza ya 3dfx, Voodoo Graphics ya 1996, ilikwenda megahezi 50. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyo iliuza Voodoo3 katika madaraja matatu, ya megahezi 143, 166 na 183, yote yakitokana na usanifu mmoja wa chipu. Utaratibu huu wa kupanga chipu kwa madaraja baada ya kuzipima kiwandani ndio uliozaa uongezaji kasi kama jambo la kawaida la watu wengi. Mnunuzi aliyelipia daraja la chini alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba chipu yake ni ileile ya daraja la juu, hasa uzalishaji ulipokomaa na chipu dhaifu kupungua huku mahitaji ya kadi za bei nafuu yakibaki makubwa. Mara nyingi hakukosea. Tatizo lilikuwa joto: Voodoo3 3000 ilipozwa kwa sahani ya chuma isiyo na feni, na ilikuwa ya moto kuguswa hata katika kasi yake ya kawaida. Waliotaka zaidi walifunga feni ndogo juu ya sahani hiyo kwa waya au gundi, na ubunifu huo mdogo ndio uliokuwa hatua ya usalama ya zama zile.

Vyombo vya kubadilisha kasi vilikuja kutoka pande mbili. Nvidia yenyewe iliweka ndani ya viendeshi vyake ukurasa wa kupanga kasi, ukiwa umefichwa, ambao ulijitokeza tu pale mtumiaji alipoongeza thamani iitwayo Coolbits katika rejista ya Windows. Ufichaji huu unastahili kutazamwa kwa makini. Kampuni haikukataza wala haikuruhusu; iliacha mlango bila kufuli lakini bila kibao. Kutoka nje ya kampuni, Alexey Nicolaychuk wa Urusi aliandika RivaTuner, programu ambayo msingi wake ulikuja kubeba MSI Afterburner, inayotumika hadi leo. Kwa vyombo hivyo desturi ya tahadhari ilijengeka pole pole, na mpaka sasa haijabadilika sana: kasi ya kichakataji huongezwa kwa hatua ndogo, ile ya kumbukumbu huachwa kwanza, baada ya kila hatua kadi hupimwa kwa kazi nzito, dalili ya kwanza ya kosa inapoonekana hurudishwa nyuma zaidi ya hatua moja, kwa sababu siku ya baridi si siku ya joto. Kumbukumbu hufuata baadaye, peke yake. Volteji haiguswi.

Ikumbukwe kwamba sababu ya kutoigusa volteji wakati huo haikuwa hekima. Katika kadi nyingi za mwanzo haikuwezekana kuibadilisha kwa programu. Aliyeitaka alilazimika kulehemu kipingamizi au kuchora mstari kwa penseli ya grafiti juu ya kipingamizi kilichopo. Ugumu huo ulikuwa kinga. Ulipoondolewa baadaye kwa kubofya kitufe, kinga iliondoka pamoja nao.

Mwaka 2003 unafaa kuchukuliwa kama mpaka. Nvidia iliingiza sokoni GeForce FX 5800 Ultra, iliyokwenda megahezi 500 na kuhitaji mfumo wa kupozea uliochukua nafasi mbili na kutoa kelele iliyofananishwa na mashine ya kufyonzea vumbi. Kampuni ilitengeneza hata filamu fupi ya kujifanyia mzaha. Nyuma ya mzaha kulikuwa na jambo zito: mtengenezaji alikuwa ameitumia yeye mwenyewe akiba ambayo zamani aliiachia mteja, ili asishindwe na mpinzani wake. Mwaka huohuo ATI ilitoa Radeon 9800 XT yenye kifaa cha kupima joto na uwezo uitwao Overdrive, ambao ulipandisha kasi wenyewe pale joto liliporuhusu. Kwa mara ya kwanza kadi ya kampuni hiyo iliyouzwa dukani ilijiongezea kasi kwa idhini ya aliyeitengeneza.

4.0 Miaka ya Kuungua, 2008–2011

Mnamo Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 za Marekani kwa ajili ya madai ya dhamana yaliyotokana na chipu za michoro za kompyuta mpakato. Chanzo kilikuwa vifaa dhaifu vya kuunganishia chipu na ubao wake: matone ya lehemu yaliyopasuka baada ya kupata joto na kupoa mara nyingi. Wamiliki wa kompyuta hizo hawakuwa waongezaji kasi. Walikuwa wanafunzi na wafanyakazi wa ofisini waliofungua na kufunga kompyuta zao kila siku. Somo lililopatikana lilikuwa la kiufundi na bado halijazingatiwa vya kutosha katika miongozo: kinachochosha viungo vya lehemu ni mabadiliko ya joto, kupanda na kushuka, kuliko joto lenyewe linalodumu. Kadi inayokaa kwenye nyuzijoto 75 za Selsiasi saa zote inaweza kuwa katika hali bora kuliko ile inayoruka kutoka 35 hadi 90 mara kadhaa kwa siku.

Kipindi hiki pia ndicho kilichozua ugomvi kuhusu programu za kupima uvumilivu. FurMark, programu inayochora umbo lenye manyoya bila kupumzika, iliipa kadi mzigo ambao hakuna mchezo uliowahi kuutoa. Waongezaji kasi waliiamini: kadi iliyovuka FurMark ingevuka chochote. Watengenezaji waliiona kama shambulio. Mwishoni mwa mwaka 2010 jibu lao lilikuja katika maunzi, si katika maneno. GeForce GTX 580, iliyotolewa Novemba, ilipima mkondo wa umeme unaoingia na kupunguza kasi ilipotambua programu za aina hiyo. Radeon HD 6970, iliyofuata Desemba, ilikuja na PowerTune, iliyoweka dari ya nguvu kwa kazi yoyote ile. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Aliyenunua kadi alikuwa na haki ya kudai iweze kufanya kazi yoyote halali ya kihesabu bila kuungua. Mtengenezaji alikuwa sahihi kwamba saketi za umeme haziwezi kubuniwa kwa mzigo usio na mwisho. Kwa maoni yanayotetewa hapa, dari ya nguvu ndiyo hatua kubwa zaidi ya usalama katika historia nzima ya kadi hizi, ingawa iliingia kwa mlango wa kujilinda na si wa kumlinda mteja.

Machi 2010 ilikuwa imeonyesha udhaifu mwingine. Nvidia ililazimika kuondoa kiendeshi namba 196.75 baada ya ripoti kwamba kiliharibu udhibiti wa feni. Kadi zilizokuwa katika kasi ya kiwandani zilipata joto kupita kiasi kwa sababu ya programu iliyotoka kwa mtengenezaji mwenyewe.

Tukio linalostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi ni lile la GeForce GTX 590, kwa kuwa ndilo mfano wa wazi wa uharibifu uliotokana kweli na tendo la mtumiaji. Kadi hiyo ilitolewa tarehe 24 Machi 2011 ikiwa na chipu mbili kubwa kwenye ubao mmoja, kila moja ikienda megahezi 607 tu, na kiwango cha nguvu cha wati 365. Megahezi 607 ilikuwa chini sana ya uwezo wa chipu hizo. Chipu ya aina hiyohiyo ndani ya GTX 580 ilikwenda megahezi 772. Mtu yeyote aliyeijua historia ya Celeron au Voodoo3 angeona hapo akiba nono. Wakaguzi kadhaa waliopewa kadi kabla ya soko walipandisha kasi, kisha wakapandisha volteji kuelekea volti 1.2, na kadi zikalipuka transista za nguvu mbele yao. Picha za mbao zilizoungua zilienea siku ileile ya uzinduzi.

Kosa la wakaguzi hao halikuwa pupa. Waliongeza kasi kwa njia iliyokuwa salama kwa kizazi kizima kilichotangulia, wakaangalia joto la chipu, wakaliona liko sawa. Akiba waliyoiona kwenye chipu ilikuwapo kweli. Haikuwapo kwenye saketi za umeme zilizobanwa katika ubao mmoja ili zihudumie chipu mbili. Kasi ya megahezi 607 haikuwa ya ukarimu bali ilikuwa dari iliyowekwa na sehemu isiyoonekana. Isitoshe, kiendeshi kilichofungwa sandukuni hakikuwa na kinga kamili ya mkondo, na Nvidia ilielekeza watumiaji kwenye toleo jipya. Hapa ndipo tafsiri ya neno akiba ilipobadilika. Tangu 1984 ilichukuliwa kuwa sifa ya chipu. Baada ya 2011 ilibidi ieleweke kuwa sifa ya mnyororo mzima, na mnyororo hukatikia pale ulipo dhaifu.

5.0 Kufuli na Dari, 2012–2016

GeForce GTX 680 ya Machi 2012 ilikuja na mfumo wa GPU Boost. Kasi ya msingi ilikuwa megahezi 1006, na kadi ilijipandisha yenyewe hadi wastani wa 1058, na mara nyingi zaidi ya hapo, ilimradi nguvu iliruhusu. Toleo la pili la mfumo huo, lililokuja na GTX Titan mnamo Februari 2013, liliongeza shabaha ya joto ya nyuzi 80. La tatu, katika GTX 1080 ya Mei 2016, lilimwezesha mtumiaji kupanga kasi kwa kila kiwango cha volteji kwenye mchoro mmoja. Kwa hatua hizo tatu kazi iliyofanywa na mpenzi wa kompyuta usiku kucha, kuongeza, kupima na kurudi nyuma, ilihamishiwa ndani ya kadi na kufanywa kila mara kwa sekunde.

Uhamisho huo ulikuja na masharti. Mwaka 2012 Nvidia iliwabana washirika wake kuhusu volteji, kiasi kwamba EVGA iliondoa katika GTX 680 Classified kiunganishi cha kifaa chake cha kubadilisha volteji, EVBot. Sababu iliyotolewa ilikuwa umri wa chipu, na mlinganyo wa Black unaonyesha kwamba sababu hiyo haikuwa ya uongo. Lakini ukweli wa kifizikia na maslahi ya dhamana vilielekea upande mmoja, na si rahisi kuvitenganisha. Mwanzoni mwa 2015 kampuni hiyohiyo ilizima uongezaji kasi katika kompyuta mpakato kupitia kiendeshi kipya. Wateja walilalamika kwamba kitu walichokinunua kimepunguzwa baada ya malipo, na uwezo huo ukarudishwa.

Upande wa AMD, Radeon R9 290X ya Oktoba 2013 ilitangazwa kuwa inakwenda hadi gigahezi 1, neno zito likiwa ni hilo dogo la hadi. Kadi ilikusudiwa kukaa kwenye nyuzijoto 95, na kasi yake ilishuka pale feni iliposhindwa. Kwa hiyo kadi mbili zenye jina moja zilitofautiana kwa kasi kulingana na chumba zilimowekwa. Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki: vipimo vingi vilivyochapishwa vilifanywa katika vyumba vyenye nyuzi ishirini na kitu, ilhali chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari huzidi 30. Tofauti hiyo huongezeka moja kwa moja juu ya joto la kadi, na hula akiba kabla mtumiaji hajagusa kitu.

Miezi ya katikati ya 2016 ilithibitisha kwamba mtengenezaji aliyeshika akiba naye anaweza kuimaliza. Radeon RX 480, iliyotolewa tarehe 29 Juni, ilikutwa ikivuta kutoka kwenye nafasi ya ubao mama umeme unaozidi wati 75 zilizoruhusiwa na kanuni za PCI Express, ikiwa katika kasi yake ya kawaida. AMD ilirekebisha kwa kiendeshi cha Julai. Kabla ya mwaka kwisha, kadi kadhaa za EVGA za GTX 1070 na 1080 ziligunduliwa kuwa na saketi za umeme zenye joto kali chini ya mzigo mzito, huku kipima joto cha chipu kikisoma salama. EVGA ilitoa pedi za kupitishia joto bila malipo na programu iliyoongeza mwendo wa feni. Ni kosa lilelile la GTX 590, safari hii pasipo mtumiaji kufanya lolote.

6.0 Jibu Lililo Sahihi

Hadi hapa usalama umechukuliwa kuwa uhai wa kifaa. Matumizi ya kadi kwa hesabu za kisayansi, yaliyoshika kasi baada ya Nvidia kutoa CUDA mwaka 2007, yalileta maana ya pili. Katika mchezo, nukta moja ya rangi isiyo sahihi hupotea baada ya sehemu ndogo ya sekunde. Katika hesabu ya molekuli hubaki, na huzaa makosa mengine. Imran Haque na Vijay Pande wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima kumbukumbu za kadi za watu waliojitolea kompyuta zao kwa mradi wa Folding@home, wakakuta kwamba takribani theluthi mbili ya kadi zilionyesha makosa yanayoweza kugunduliwa, na kwamba makosa hayo yalibaki hata baada ya kuzingatia kasi ya saa. Matokeo hayo hayamwondolei lawama mwongezaji kasi, lakini yanaonyesha kwamba kadi ya kiwandani nayo haikuwa kipimo cha usahihi.

Kumbukumbu za GDDR5 zilileta ugumu wa aina yake. Teknolojia hiyo, kuanzia kadi kama Radeon HD 5870 ya mwaka 2009, iliweza kugundua data iliyoharibika njiani na kuiomba tena. Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu iliyoongezwa kasi kupita kiasi haikuonyesha tena nukta za rangi. Ilipunguza ufanisi kimyakimya kwa sababu ya kurudia. Mtumiaji aliyesubiri dalili ya macho hakuiona, akaendelea kupandisha, huku kadi ikizidi kuwa ya polepole. Tangu hapo njia pekee ya kuaminika ikawa kupima ufanisi kwa namba baada ya kila hatua, na kusimama pale namba inapoacha kupanda.

7.0 Mwisho wa Akiba, 2020–2022

GeForce RTX 3080 ilipotolewa Septemba 2020, baadhi ya wanunuzi walikuta michezo ikizima pale kadi ilipojipandisha kuzidi takribani gigahezi 2, ingawa kasi iliyotangazwa ilikuwa gigahezi 1.71. Mjadala uliangukia aina za kapasita nyuma ya chipu, kisha kiendeshi namba 456.55 kikaboresha uthabiti. Kadi ilikuwa imejiongezea kasi kuliko ilivyoweza, yaani ilifanya kosa ambalo miaka 20 kabla lilikuwa la kijana mwenye RivaTuner. Julai 2021, baadhi ya kadi za EVGA za RTX 3090 zilikufa wakati wa majaribio ya mchezo wa New World. Kampuni ilisema zilikuwa kama 24 na kwamba kulehemu kwa transista za nguvu hakukuwa kuzuri. Oktoba 2022 ikaja RTX 4090 ya wati 450, na vichomekeo vyake vya umeme vikaanza kuripotiwa kuyeyuka. Nvidia ilisema mwezi uliofuata kwamba ilijua visa takribani 50 duniani, na kwamba vichomekeo visivyosukumwa hadi mwisho vilikuwa sababu ya kawaida. Muundo wa kichomekeo ulirekebishwa mwaka 2023.

Wakati huohuo desturi ya watumiaji ilikuwa imegeuka. Wachimbaji wa Ethereum, ambao faida yao ilitegemea umeme unaotumiwa, walipandisha kasi ya kumbukumbu huku wakishusha volteji ya kichakataji, na kadi zao zikakaa kwenye joto la wastani lisilobadilika kwa miezi. Ethereum ilipoacha uchimbaji wa aina hiyo Septemba 2022, kadi hizo ziliingia kwa wingi katika soko la mtumba, zikiogopwa na wanunuzi waliodhani zimekamuliwa hadi mwisho. Hofu hiyo ilikuwa na msingi kwa upande wa feni na kumbukumbu. Kwa upande wa chipu na viungo vyake vya lehemu, volteji ndogo na joto tulivu ni hali nyepesi kuliko ile ya kadi ya mchezaji. Wamiliki wa RTX 4090 nao walijifunza kutoka upande wa pili: walipoishusha dari ya nguvu hadi karibu asilimia 70, kadi ilipoteza asilimia chache tu za ufanisi wake, maana wati nyingi za mwisho zilikuwa zimeshatumiwa kiwandani kununua megahezi chache.